Hotuba ya Dakika Tano: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa na Kuitoa

Mtu ameitwa mbele kwa dakika tano. Dakika ya kwanza inaisha akitaja majina ya meza kuu, ya pili akieleza kwamba hana mengi ya kusema, ya tatu akitafuta karatasi iliyochanganyika na nyingine. Ikifika dakika ya tisa mshereheshaji ameshaanza kumsogelea, vijiko vinagonga sahani kule nyuma, na yule anayeagwa, ambaye ndiye aliyewakusanya watu, hajasikia hata jambo moja linalomhusu yeye peke yake.

Nimeshika ratiba za sherehe nyingi, na karibu wote wanaonifuata baadaye kuuliza "nilikosea wapi?" wameteleza mahali pale pale. Walianza kuandaa hotuba usiku wa kuamkia sherehe. Wakaiandika kama barua ya ofisini. Na mara ya kwanza kuitamka kwa sauti ilikuwa pale pale mbele ya watu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: umechaguliwa kusema kwa niaba ya walimu wenzako katika hafla ya kumuaga mwalimu wa hisabati anayestaafu akiwa na miaka 60. Kama kilicho mbele yako ni nasaha za harusi, neno la familia kwenye sendofu au risala ya mahafali, badilisha mfano tu. Kazi ni ile ile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Utafuta sana, na kwenye karatasi unaona ulichokifuta.
- Kadi nne ngumu za ukubwa wa kiganja. Kata manila, au jalada la daftari lililokwisha. Karatasi laini hutetemeka pamoja na mkono, na ukumbi mzima unaona. Kadi ngumu inaficha mtetemeko.
- Simu yenye kinasa sauti na saa ya kupimia muda.
- Chupa ya maji yasiyo baridi.
- Msikilizaji mmoja mkweli. Mama anayekusifia kwa kila kitu hafai kwa kazi hii. Mtafute yule anayekuambia shati lako halijapigwa pasi.
- Majina na vyeo vya watakaokaa meza kuu, yakiwa yameandikwa na mtu wa kamati. Usikisie.
- Siku saba. Ukibanwa sana, nne.

## Hatua ya 1: Uliza kabla hujaandika

Mpigie simu katibu wa kamati au mshereheshaji na umuulize mambo haya: Nimepewa dakika ngapi? Nani anasema kabla yangu, na nani baada yangu? Nitasimama kabla ya chakula au baada? Nasema kwa niaba ya nani hasa?

Kila jibu linageuza hotuba. Ukisimama kabla ya chakula, watu wana njaa na macho yao yako kwenye masufuria, fupisha. Ukisimama baada ya chakula, wameshiba na wamelegea, kwa hiyo anza na kisa, usianze na shukrani. Kama mkuu wa shule anakutangulia na ndiye atakayesoma historia ya kazi ya mstaafu, yaani mwaka aliotoka chuoni, vituo alivyohamishiwa na vyeo, basi wewe historia hiyo usiiguse kabisa. Nimeona mstaafu mmoja akisomewa tarehe yake ya kuajiriwa mara tatu katika jioni moja.

Tahadhari: ukipewa dakika tano, andaa dakika nne. Ile moja inaliwa na kutembea hadi mbele, kupokea kipaza sauti, vigelegele na kicheko. Hakuna aliyewahi kununiwa kwa kumaliza mapema.

Utajua imekaa sawa ukiweza kujibu bila kusita: nasema kwa niaba ya nani, kwa nani, kwa dakika ngapi, baada ya nani.

## Hatua ya 2: Andika sentensi moja

Hapa ndipo hotuba nyingi zinapofia, hivyo usiharakishe hatua hii hata ikikulia jioni nzima.

Andika sentensi moja inayobeba kile unachotaka watu waondoke nacho. Moja tu. Ukiwa na tatu, una hotuba tatu, na hakuna atakayekumbuka hata moja.

Wengi huandika hivi: "Mwalimu wetu alikuwa mchapakazi, mpole na mwenye ushirikiano." Hiyo si sentensi ya hotuba, ni ya fomu ya tathmini. Ipime kwa swali hili: je, naweza kuisema kwa mstaafu mwingine yeyote nchini? Kama naweza, haina kitu ndani. Dereva wa halmashauri naye alikuwa mchapakazi, mpole na mwenye ushirikiano.

Jaribu tena, ukimtazama mtu mwenyewe. Alifanya nini ambacho wengine hatukukifanya? "Mwalimu huyu alisahihisha madaftari yote, hata ya watoto ambao sisi wengine tulishawakatia tamaa." Hii sasa ina mtu ndani yake. Ina hata aibu kidogo kwa msemaji, na hiyo ndiyo inayofanya watu wakae sawa kwenye viti wasikilize.

Bandika sentensi hiyo ukutani, au iandike juu ya kila ukurasa wa daftari. Kuanzia sasa ndiyo hakimu: kila kisa, kila utani, kila methali inapita kwake. Isiyoisaidia inatoka, hata kama ni tamu. Hili litakuuma, maana mara nyingi kilicho kitamu zaidi ndicho kisichohusika.

Utajua imekaa sawa ukimsomea msikilizaji wako mkweli sentensi hiyo peke yake, naye akauliza, "Kivipi?" Akisema tu "nzuri," rudi mezani.

## Hatua ya 3: Tafuta kisa kinachoonekana kwa macho

Watu hawashiki sifa, wanashika picha. Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo tarehe 10 Desemba 2004, alizungumza mbele ya wafalme na mabalozi kuhusu mazingira, demokrasia na amani. Mambo mazito hayo. Lakini alipofika mwishoni aliwarudisha kwenye kijito cha karibu na kwao alikochota maji akiwa mtoto, na jinsi alivyojaribu kuinua kwa vidole mayai ya vyura akidhani ni shanga, yakawa yanakatika kila mara. Kisha akawaambia kijito kile kimekauka. Baada ya hapo hakuhitaji kueleza kwa maneno makubwa uharibifu wa mazingira ni nini.

Wewe kijito chako ni kipi? Piga simu kwa watu watatu waliofanya kazi na mstaafu: mwalimu mwenzake, mwanafunzi wa zamani, na mlinzi au mpishi wa shule. Usimsahau huyu wa tatu. Anaona saa ambazo wengine wameshaondoka.

Siri iko kwenye swali. Ukiuliza "unamwonaje mwalimu?" utajibiwa "mtu mzuri sana." Uliza badala yake: "Ulimwona akifanya nini ambacho hujakisahau?" Halafu nyamaza. Watu huanza kwa kusema hawakumbuki, na baada ya sekunde kumi wanakumbuka.

Andika kile walichokiona kwa jicho na kukisikia kwa sikio: saa ngapi, mahali gani, alishika nini, alisema neno gani. Tuseme umepata hiki:

> Mwaka juzi nilirudi shuleni jioni kuchukua mwavuli niliousahau. Umeme ulikuwa umekatika. Ofisi ya walimu giza, ila meza moja ina mwanga. Mwalimu ameegemeza simu kwenye kikombe, tochi imewashwa, anasahihisha. Nikamuuliza, "Haya ni ya kidato gani, mpaka saa hizi?" Akasema, "Ya Kidato cha Pili C."

Kila mwalimu ukumbini anajua mkondo C ni akina nani. Huhitaji kumalizia.

Tahadhari: kisa kinachohusu ugonjwa, ndoa, deni au kosa la kazini la anayeagwa hakisemwi bila ruhusa yake, hata kama kila mtu anakijua. Na visa vya mitihani ya watoto vinabaki bila majina ya watoto.

## Hatua ya 4: Panga mifupa

Hotuba ya dakika nne haina nafasi ya kuzunguka mbuyu. Igawe hivi:

1. Salamu na kisa: dakika moja na nusu.
2. Mwili: dakika mbili.
3. Mwisho: nusu dakika.

Kwenye mwili weka mambo mawili au matatu yanayotokana na sentensi yako. Matatu ndiyo mwisho. Sikio la Mswahili linayashika vizuri mambo matatu, hasa yakiwa na umbo moja. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaeleza Watanzania kwa nini vita vitapiganwa akiyapanga maneno yake juu ya nguzo tatu: uwezo, sababu, nia. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanaweza kukutajia zote tatu leo. Maneno mengine aliyoyasema siku hiyo, ni wachache wanaoyajua.

Kwa mfano wetu, matatu yanaweza kuwa: aliwasahihishia waliofeli, aliwasubiri waliochelewa, aliwatetea waliotaka kufukuzwa. Ona yanavyofanana umbo. Msemaji akisahau moja, umbo lenyewe linamkumbusha.

Kuhusu urefu: nikijipima mimi mwenyewe, nikisema kwa utulivu natumia kama maneno 100 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu, "tulishawakatia" pekee inabeba sentensi nzima, kwa hiyo usifuate hesabu za miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Dakika nne ni kama maneno 400: ukurasa mmoja wa daftari kubwa na kidogo zaidi. Ukiwa na kurasa tatu, kata sasa, maana ukisimama hutakata, utakimbia.

## Hatua ya 5: Salamu na itifaki, bila kula muda

Salamu zetu ni zawadi kwa msemaji mwoga, na wengi wanaitupa. Salamu ya Kiswahili inadai jibu. Ukisema "Shikamooni," ukumbi unajibu "Marahaba." Ukisema "Asalaam aleikum," unajibiwa. Ukisema "Tumsifu Yesu Kristo," unaitikiwa "Milele amina." Katika sekunde hizo tatu wanazojibu umeshasikia sauti yako kwenye spika, umevuta pumzi, na umeona nani anakutazama. Kwa hiyo toa salamu, halafu subiri jibu. Usilifunike kwa sentensi inayofuata.

Chagua salamu kulingana na waliopo. Ukumbini wakiwa mchanganyiko wa dini, ama toa za pande zote mbili, ama tumia ya kawaida kama "Habari za jioni" ikifuatiwa na "Shikamooni" kwa wakubwa zako. Salamu moja ya kila upande inatosha. Usigeuze kuwa mashindano ya nani anaitikia kwa sauti kubwa zaidi. Watu wanachoka kabla hujaanza.

Itifaki nayo ina kanuni nyepesi: mtaje mgeni rasmi, mtaje mwenyeji, mtaje anayeagwa, kisha funika waliobaki. Hivi:

> Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkuu wa Shule. Mwalimu wetu na familia yako. Wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Sekunde kumi na tano zimetosha. Ukianza kutaja mmoja mmoja utamsahau mmoja, na huyo mmoja hatasahau. Ukitaja watatu na kufunika, hakuna aliyeachwa.

Tahadhari: hakikisha vyeo. Diwani na mbunge ni Mheshimiwa. Shehe, Mchungaji, Padre na Askofu kila mmoja anaitwa kwa cheo chake, na jina libaki lile analotumia yeye. Dakika chache kabla ya kusimama muulize mshereheshaji kama mgeni rasmi amefika mwenyewe au ametuma mwakilishi. Kumkaribisha mtu asiyekuwepo mbele ya aliyetumwa ni kosa linalotokea sana, na linaumiza pande zote mbili.

## Hatua ya 6: Andika kama unavyosema

Sasa andika hotuba nzima, neno kwa neno. Siyo ya kusomwa. Ni ya kuona kama inatosha na kama inatamkika.

Hapa Kiswahili cha barua kinajitokeza chenyewe. Tazama:

> *Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema na kutuwezesha kukutana mahali hapa katika siku hii ya leo.*

Hakuna ubaya kumshukuru Mungu. Ubaya ni kwamba sentensi hii watu wameshaisikia mara nne jioni hiyo, na masikio yao yamejifunga. Ifanye iwe yako:

> *Tumshukuru Mungu. Mwalimu anaondoka kazini kwa miguu yake mwenyewe, na sisi tupo kumuona.*

Fupi, na inamhusu yeye.

Mambo ya kushika unapoandika:

Sentensi moja, wazo moja. Msomaji anaweza kurudi nyuma, msikilizaji hawezi. Ukiona "ambapo," "ambaye" na "ambayo" zimekutana kwenye sentensi moja, ikate.

Rudia kwa makusudi. Kwenye maandishi kurudia ni uvivu. Kwenye hotuba ni mkongojo wa msikilizaji.

Tarakimu zisizidi mbili. "Miaka 34" inashikika. Miaka 34, vituo sita, wanafunzi elfu kadhaa na asilimia za ufaulu vinamwagika vyote.

Methali moja, na iwe ile wanayoijua. Usiimalize. Sema "Mtoto umleavyo..." uwaachie ukumbi waseme "ndivyo akuavyo." Wakishamalizia wao, hotuba imekuwa yao pia. Methali ngeni uliyoitafuta kwenye kamusi inakuacha peke yako mbele, watu wakitazamana.

Utani upime mara mbili. Utani wa makabila, kama ule wa Wachaga na Wapare, unachekesha pale tu ambapo kweli ninyi ni watani na ukumbi unalijua hilo. Kwa mgeni rasmi usijaribu. Wala usimtanie anayeagwa kwa kitu asichoweza kukibadilisha, kama umbo lake au kutokuwa na mtoto. Wageni watacheka kwa sekunde mbili. Yeye atakibeba hadi nyumbani.

Utajua imekaa sawa ukiisoma kwa sauti bila ulimi kujikwaa popote. Ukijikwaa mara mbili mahali pale pale, tatizo ni sentensi, siyo ulimi. Ibadilishe.

## Hatua ya 7: Hamishia kwenye kadi

Acha karatasi nyumbani. Ukiwa nayo utaisoma, na ukiisoma macho yako yatashuka, sauti itashuka nayo, na watu watafungua simu zao.

Kwenye kila kadi andika maneno machache tu kwa herufi kubwa, zinazosomeka ukiwa umenyoosha mkono. Kadi ya kwanza ya mfano wetu:

> MGENI RASMI – MKUU – MWALIMU + FAMILIA
> SHIKAMOONI (subiri)
> MWAVULI – GIZA – TOCHI – "PILI C"

Vitu vitatu tu viandikwe kamili: majina ya watu, ile sentensi ya hatua ya 2, na sentensi ya mwisho ya hotuba. Zipe kadi namba na uzifunge kwa uzi kwenye kona. Zikianguka zitaanguka pamoja.

Risala ya mahafali ni kesi tofauti kidogo, kwa kuwa mara nyingi nakala yake anakabidhiwa mgeni rasmi na inasomwa kama ilivyo. Hata hivyo wekea alama ya penseli mahali pa kuinua macho, angalau mara moja kila aya, na ukariri sentensi mbili za kwanza na ya mwisho.

## Hatua ya 8: Mazoezi kwa sauti

Kusoma kimoyomoyo si mazoezi. Kichwani kila hotuba ni tamu na kila msemaji ni hodari. Mdomo ndio unaojua ukweli, na mapafu.

Siku ya kwanza, simama chumbani mlango ukiwa umefungwa, uitamke yote ukiwa na kadi. Utakwama. Endelea hadi mwisho bila kurudi mwanzo. Kosa kubwa la mazoezi ni kuanza upya kila unapokosea: unaishia kuusema mwanzo mara kumi na mwisho usiufikie hata mara moja, na siku yenyewe utafika kwenye nusu usiyoijua ukiwa tayari umechoka.

Siku ya pili, pima muda. Ikizidi dakika nne, kata kisa kizima au hoja nzima. Usipunguze neno hapa na neno pale; utabaki na hotuba ile ile yenye mashimo.

Siku ya tatu, jirekodi. Kusikia sauti yako mwenyewe kunaudhi, wala si wewe peke yako. Tumezoea kuisikia ikipita kwenye mifupa ya kichwa chetu, kwa hiyo ile ya kwenye simu inaonekana ya mtu mwingine. Vumilia, usikilize vitu viwili tu. Kwanza, vijazio: "eeh," "aah," "kwa kweli," "kama nilivyosema." Hesabu. Dawa yake ni kufunga mdomo pale ambapo kijazio kingeingia. Pili, miisho ya sentensi. Wengi tunameza neno la mwisho, na kwa Kiswahili neno la mwisho mara nyingi ndilo lenye uzito. "Anasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili..." na ile "C" imepotea.

Siku ya nne, simama mbele ya msikilizaji wako mkweli. Usimuulize "imekuwaje?" Muulize: "Nimesema nini?" Akikupa sentensi yako ya hatua ya 2 kwa maneno yake mwenyewe, umefika. Akikupa jambo jingine, huyo ndiye aliyesikia sawa. Rekebisha hotuba, usimbishie.

Tahadhari: usiikariri yote kama shairi. Aliyekariri neno kwa neno akipotewa na neno moja anapotewa na njia nzima. Kariri mpangilio, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Utajua imekaa sawa ukiisema mara mbili kwa maneno yasiyofanana kabisa, lakini mambo yakafuatana kwa mpangilio ule ule.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe, kabla ya kuitwa

Fika mapema, usimame pale utakaposimama, uutazame ukumbi ukiwa mtupu. Mahali ulipokwisha kupaona hapakuogopeshi kama pageni.

Kula kidogo. Kunywa maji kidogo kidogo. Pombe iache hadi umalize. Inakuambia unaendelea vizuri wakati huendelei vizuri.

Muulize fundi wa muziki kuhusu kipaza sauti. Kinawashwa wapi? Ni cha kushika au cha kusimama? Kishike kwenye mpini, usifunike kichwa chake kwa kiganja, na ukiweke umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni. Usikipulizie wala kukigonga. Sema "habari za jioni" na utajua kama kinafanya kazi. Kikianza kupiga mluzi, umekielekeza kwenye spika au umesimama mbele yake: sauti inayotoka kwenye spika inaingia tena kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Rudi nyuma ya mstari wa spika, au geuka.

Umeme ukikatika, usipige kelele juu ya kelele. Sogea katikati ya meza, subiri wanyamaze, toa kisa na sentensi ya mwisho. Nimeona hotuba zilizookolewa na giza.

## Hatua ya 10: Ukiwa mbele

Moyo utaenda mbio, mikono itapata jasho, koo litakauka. Hiyo ni adrenalini, homoni ile ile inayomwandaa mtu kukimbia. Mwili hautofautishi simba na meza kuu. Haiondoki kwa kujiambia "usiogope." Inapunguzwa na pumzi: ukiwa bado umekaa, vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano.

Ukifika mbele, usiseme chochote kwa sekunde tatu. Simama kwa miguu yote miwili, tazama watu, ndipo usalimie. Kwako sekunde hizo zitakuwa ndefu kama foleni ya magari ya Dar es Salaam. Kwao ni ishara kwamba anayesimama anajua anachotaka kusema.

Chagua nyuso tatu zenye urafiki: kushoto, katikati, kulia. Mpe kila mmoja sentensi nzima kabla ya kuhamia kwa mwingine. Ukifika kwenye kisa cha tochi, mtazame mwalimu mwenyewe.

Ukisahau, usiombe radhi. Rudia sentensi ya mwisho uliyoisema, polepole, huku jicho likishuka kwenye kadi. Ukumbi utadhani umesisitiza. Ukizidiwa na machozi, nyamaza, kunywa maji, endelea. Hakuna anayekuhesabia muda wakati huo.

## Hatua ya 11: Maliza, kisha ukae

Usitangaze mwisho. "Kwa hayo machache" na "kabla sijamaliza" ni maneno yanayofungua hotuba ya pili. Ukifika kwenye sentensi uliyoikariri, punguza mwendo, mtazame unayemsemea, na uitoe. Kwa mfano wetu, mwisho unarudi pale tulipoanzia:

> Mwalimu, kesho asubuhi meza yako itakuwa wazi. Madaftari ya Pili C tumeyachukua sisi.

Hapo nyamaza. Usiongeze "asanteni kwa kunisikiliza" juu yake mpaka makofi yameanza; ukiwahi, unayakata. Kama umepewa zawadi ya kukabidhi, ikabidhi sasa na usiieleze bei wala ilikonunuliwa.

Kipaza sauti usikiweke mezani, kitagonga na kuwashtua watu. Mpe mshereheshaji mkononi, mpe mkono mstaafu, shikamoo kama ni mkubwa wako, kisha urudi ulikokuwa umekaa.